Supra Ndani ya Hilux: Mwongozo kwa Mkazi wa Karatu Aliyechoka Kuishi kwa Amani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, na kila mtaa wa Karatu unaye. Ana pikapu, Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 5L, ambayo kwa miaka imeshuka Mang'ola tupu na kupanda na vitunguu. Inawaka kwa ufunguo mmoja hata asubuhi za Julai, ukungu wa Ngorongoro unaposhuka mpaka stendi. Spea zake zinauzwa hadi kwenye duka la pembejeo, rafu moja na dawa ya viwavi. Haijamlaza porini. Haijamtia aibu mbele ya wakwe. Mtu huyu hana tatizo lolote na gari lake, na amechoka.

Kilichomchosha ni simu. Binamu yake aliyeko Muscat humtumia video za Nissan Patrol zenye injini kubwa za petroli zikiparamia lile tuta la mchanga la Tal Moreeb, kule Liwa, karibu mita 300 kwenda juu. Tangu hapo, kila anapopandisha ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, gia ya pili, moshi mweusi nyuma na kirikuu cha mtu kikimpigia honi kipite, moyo unamuuma. Anataka injini ya Supra, gari la michezo la Toyota. Basi tumsaidie.

Anza na hoja kabla ya spana. Nyumbani utaulizwa kwa nini, na "nimejisikia tu" si jibu la mtu mwenye ada za shule mezani. Bahati nzuri ipo hoja ya kisayansi kabisa. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inapungua na mafuta hayaungui bila hewa. Karatu iko kwenye mita 1,500 hivi. Ukingo wa kreta unafika 2,300. Kwa hiyo 5L yako, ambayo hata ikiwa Tanga haifikishi farasi 110, inafika ukingoni ikiwa imewaacha zaidi ya 20 njiani. Tabo kazi yake ni kuisukuma hewa ndani kwa nguvu na kuwarudisha farasi hao. Hoja haina kasoro ila moja: tabo iliyofungwa kiwandani kwenye injini ya dizeli ingefanya kazi hiyohiyo, bila kugusa kitu kingine. Hiyo usiitaje.

Hoja ya pili ni Marekani. Mwaka 1991 kampuni ya GMC ilitoa pikapu iitwayo Syclone, V6 ya lita 4.3 yenye tabo na farasi 280, na magazeti ya magari yakaishindanisha na Ferrari, ikaiacha kwenye kuondoka. Mwaka 2004 Dodge wakachukua injini ya gari lao la michezo, Viper, silinda 10, lita 8.3, farasi 500, wakaitia ndani ya pikapu ya Ram. Ikakimbia karibu kilomita 249 kwa saa na kuingia kwenye kitabu cha Guinness. Yasome haya kwa sauti sebuleni. Ila ukurasa wa pili wa habari ya Syclone uuruke, maana pale imeandikwa kwamba mzigo wake wa mwisho ni kilo 227 na kwamba isitolewe nje ya barabara. Kilo 227 ni magunia mawili ya vitunguu, tena yasiwe lumbesa. Na kutoka Njia Panda kwenda Mang'ola, kuitafuta hiyo "ndani ya barabara" ni kazi yenyewe.

Hoja ya tatu ni ya kwetu, na ndiyo nzuri kuliko zote mpaka uifikirie. Afrika Mashariki imekuwa ikihamisha injini tangu zamani. Ukiona Land Rover ya mzee fulani inapita Karatu bila kudondosha oili, funua boneti: kuna uwezekano mkubwa utakuta 1HZ ya Toyota, silinda sita, lita 4.2, au dizeli ya Nissan au Isuzu. Toyota Brevis nazo, zile zilizokuja na injini za D4, ngapi zimeshushwa injini na kuwekewa ya kawaida, mwenye gari akapona presha? Kubadili injini ni mila yetu. Tofauti ni kwamba wale wote walikuwa wanatoa injini inayosumbua na kuweka isiyosumbua. Wewe ndiye wa kwanza mtaani kuelekea upande wa pili, na waanzilishi siku zote huonekana hivyo.

Sasa injini. Unayoitaka inaitwa 2JZ-GTE: silinda sita kwenye mstari mmoja, tabo mbili, ndiyo iliyokuwa kwenye Supra ya miaka ya tisini na kwenye Toyota Aristo. Kwa Wajapani iliandikwa farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa kule walikuwa wamekubaliana kutoandika zaidi ya hapo. Ujazo wake ni cc 2997. Ujazo wa 5L yako ni cc 2986. Tofauti ni cc 11, pungufu ya kijiko kimoja cha mezani, na hii ndiyo namba utakayomtajia mkeo, mweka hazina wa kikundi na mchungaji. Umeongeza kijiko kimoja tu.

Tahadhari dukani. Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, ukasema unatafuta "tuu-jei-zedi", utaletewa. Lakini iko GTE yenye tabo na iko GE isiyo nayo, ambayo imezagaa kwenye Altezza Gita na Crown, na tofauti kwa muuzaji ni herufi moja na moyo wako mkunjufu. Hakikisha mwenyewe kwamba tabo zipo. Kisha dai kila kitu kilichotoka na injini: kontroli boksi, waya zote na soketi zake, sensa, pampu ya mafuta, gia boksi, hata ile mikono ya kushikilia injini. Ukiambiwa "hiyo itapatikana tu, kaka," jua neno hilo lina maana ya safari mbili za basi. Injini itakuwa imekaa juu ya tairi kuukuu, imeoshwa kwa dizeli inang'aa, na itawashwa mbele yako kwa betri ya kuazima na chupa ya petroli iliyoning'inizwa. Itanguruma. Wewe utalipa. Hakuna mwongozo uliowahi kumzuia mtu katika dakika hiyo, na huu haujaribu.

Kumpata fundi ni rahisi, utahitaji watatu. Wa injini, wa kuchomelea na wa umeme. Sifa ya mafundi hawa ni kwamba kila mmoja ni hodari na hakuna anayemwamini mwenzake. Gari likigoma, fundi injini atasema ni umeme. Fundi umeme atasema ni mekanika. Wa kuchomelea atasema yeye alichomelea tu kama alivyoambiwa. Mazungumzo ya kwanza yatakwenda hivi:

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, bosi. Hii si ile 5L ya vitunguu? Imekufa?"

"Hapana, nzima. Nataka tuishushe tuweke hii."

Fundi atafuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko uchafu uliopo. "Nzima kabisa?"

"Kabisa."

"Sawa, bosi. Hii kazi ya siku tatu."

Siku tatu ni kipimo cha heshima, mithili ya "karibu chakula" kwa mgeni anayeaga. Usikihesabu.

Ukishushwa mtambo wa zamani, hapo utaona nafasi kubwa chini ya boneti na kufurahi. Furahi haraka. Injini ya zamani ilikuwa ya silinda nne. Hii ni ya silinda sita mfululizo, na chuma kirefu hakifupishwi kwa maombi. Ama rejeta isogee mbele mpaka inusane na bampa, ama ule ukuta kati ya injini na miguu yako ukatwe. Fundi wa kuchomelea atapendekeza vyote viwili. Halafu kuna suala la kulia na kushoto. Tabo za 2JZ ziko upande wa kulia wa injini, na sisi usukani wetu uko kulia, kwa hiyo ule mhimili unaoshuka kutoka kwenye usukani unapita palepale penye chuma chekundu kwa joto. Kwenye Supra Wajapani walilipanga hilo mapema. Kwenye Hilux litapangwa na grenda.

Chini nako, kama gari lako ni la kuvuta magurudumu manne, sampo ya oili itataka kukaa palepale ilipo difu ya mbele. Hapa wengi huchoka. Mtu anasema: bwana, tuitoe tu hiyo difu ya mbele, mimi siendi porini. Ndugu yangu, unaishi Karatu. Masika udongo mwekundu wa kwenu unateleza hata kwa mtembea kwa miguu, na njia ya Mang'ola haijali unatokea ukoo gani. Kreta nayo haishukwi na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Hiyo ni amri ya hifadhi, wala si ushauri wa mwongozo wa kejeli. Ukiing'oa difu ya mbele umebaki na pikapu ya kupitia lami pekee, kutoka Makuyuni mpaka lango la Lodoare, lami ambayo Wajapani walitusaidia kuijenga, sasa ukiitumia na injini yao. Mviringo mzuri, ila vitunguu haviko kwenye lami.

Umeme nitaupita haraka kwa sababu fundi umeme hataupita haraka. Dizeli yako ya zamani iliishi bila kompyuta: ilipewa mafuta, ikapata joto, ikawaka. Hii mpya inataka kujua nafasi ya kila kitu kabla ya kuamua lolote. Kila sensa ina waya wake, kila waya una rangi yake, na mchoro wa rangi hizo umeandikwa Kijapani. Tangi nalo lazima lisafishwe dizeli yote na liwekewe pampu ya umeme ndani, maana petroli ya injini hii haivutwi, inasukumwa kwa presha. Kwenye dashibodi itabaki ile taa ya zamani ya kupasha joto dizeli. Iache. Inazimika hata hivyo.

Baada ya hapo yanakuja yale ambayo wenye video hawayapigi picha. Nguvu imekaribia mara tatu, lakini breki za nyuma bado ni zilezile za dramu, difu ni ileile iliyokatwa meno kwa ajili ya injini isiyopenda kuzidi mizunguko 4,000 na kidogo kwa dakika, propela ni ileile, na springi za nyuma ni zile za kubebea tani, ambazo gari likiwa tupu hurusha tela juu kila kwenye bonde. Ukikanyaga moto na gari tupu, tairi za nyuma zitazunguka pale zilipo huku wewe umesimama na jina lako. Kwa hiyo badilisha difu. Ukibadilisha difu, badilisha eksili. Ukishabadilisha eksili, breki za disk zinaingia vizuri. Ukipiga hesabu kwa utulivu utagundua kwamba kilichobaki cha Hilux yako ni milango na kadi, na mlango mmoja haufungi vizuri.

Kwenye breki natoka kwenye utani kwa mistari miwili. Mteremko wa Rhotia kila mtu wa Karatu anaujua, na ajali ya basi la wanafunzi ya Mei 2017 hakuna aliyeisahau. Kama pesa itatosha kwa kimoja tu kati ya injini na breki, nunua breki, injini waachie wengine.

Tuendelee. Joto. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 kwa watu wa pwani; Karatu yanachemka kwenye 95 hivi, ukingoni kwenye 92 hivi, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Ule mfuniko ambao umekuwa ukifungwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, huo. Fundi atakushauri utoe themostati "ili maji yazunguke vizuri," ushauri ambao tumerithishana kwa vizazi na hauna ushahidi mwingine wowote. Kataa kwa adabu. Weka kulanti, si maji ya mferejini.

Vumbi. Ukitaka kujua watu wa hapa wanaliheshimu kiasi gani, tazama Land Cruiser za utalii zilizopaki mbele ya hoteli za Karatu: kila moja imeinua bomba la hewa mpaka usawa wa paa, na ndiyo maana gari zima likaitwa mkonga. Juu kule hewa ina nafuu. Wewe lakini utataka ile filta ya wazi, ya umbo la koni, inayovuma kama filamu, ikae mbele kabisa chini, jirani na tairi. Safari moja ya Eyasi wakati wa kiangazi, na tabo zako mbili zitakuwa zimeonja ardhi ya Wadatoga kuliko watalii wa mwaka mzima.

Kuhusu karatasi, watu hujifariji kwamba boneti haina dirisha. Kadi ya gari ina namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta, na vyote vitatu sasa ni uongo, ukiondoa kile kijiko kimoja. Nenda TRA na risiti ya injini mabadiliko yaandikwe. Nenda kwa watu wa bima pia, hata kama ni bima ndogo, kwa sababu siku ya ajali mkaguzi atafunua boneti kwa hamu kuliko ulivyofunua wewe. Trafiki yeye hahitaji kufunua kitu. Atakuwa amekusikia ukiwa Rhotia.

Mafuta hayana utani mrefu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, na Karatu, kwa umbali wake kutoka bandarini, haijawahi kuwa ya bei ya chini. Zamani tangazo hilo ulikuwa ukilisikia huku unakunywa chai. Sasa utalisubiri kama matokeo ya kidato cha nne.

Siku ya majaribio itafika. Gari litawaka. Ekzosi itafukuza kunguru wote wa sokoni, vijana wa bodaboda watasimama, na kwenye lami tupu kuelekea Lodoare utasikia ile tabo ya kwanza ikivuta, kisha, karibu na mizunguko 4,000, ya pili ikiingia. Sitadanganya: ni raha. Injini hii inatoa nyutoni mita 431 za msokoto, zaidi ya mara mbili ya 5L, na kwa dakika chache mlima ule utakuwa wako. Dakika chache, kwa sababu mbele kuna lango, baada ya lango kuna kona, ukungu na pengine nyati aliyesimama katikati akicheua, na mbele zaidi, Serengeti, hakuna anayeruhusiwa kuzidi kilomita 50 kwa saa. Dereva wa utalii aliyekaa kwenye 1HZ yake isiyo na tabo atakufikia kwenye foleni, atashusha kioo, atakusikiliza ukinguruma, na atauliza kwa upole kama kuna kitu kimelegea.

Mtihani halisi ni Mang'ola. Pakia. Wabebaji hawajui habari ya tabo. Watakupigia lumbesa kama kawaida, na springi zitakaa chini. Sasa panda. Barabara ni mashimo, mwendo ni wa ng'ombe, injini iko kwenye mizunguko 1,800, na hapo ndipo utakapokutana na sentensi ambayo haikuwemo kwenye video: 2JZ-GTE imetengenezwa na mgandamizo mdogo, 8.5 kwa 1, ili ivumilie tabo. Chini, kabla tabo hazijaamka, ni mtu mwenye usingizi. 5L iliyokuwa ikigandamiza zaidi ya 22 kwa 1 ilikuwa imeamka tangu alfajiri. Utakanyaga zaidi. Hakuna kitu. Utakanyaga zaidi. Tabo zitafika zote kwa pamoja ukiwa katikati ya shimo, klachi itanuka, kamba itakatika, na vitunguu vitarudi Mang'ola vyenyewe, bila ushuru.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo miongozo mingine huliacha. Injini ya zamani usiiuze. Watakuja wanunuzi wengi, mmoja ana mashine ya kusaga, mwingine anataka kuvuta maji ya kumwagilia vitunguu, mwingine ana Land Rover na anakutazama kwa huruma. Wakatalie wote. Ipandishe juu ya mbao isikae kwenye udongo, ziba matundu yote kwa matambara safi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, funika kwa turubai, na kila mwezi izungushe kwa mkono isije ikashika. Pampu yake ihifadhi pamoja nayo, na waya, na ile mikono ya kuishikilia, ambayo fundi wa kuchomelea alitaka kuiuza skrepa. Andika kwa chaki ukutani bolti zipi zilitoka wapi. Kama fundi injini ni mtu mzima, utakuta alishaandika siku ileile ya kwanza, wakati wewe uko nje unapiga picha.